Siku Tano Juu ya Njia ya Chaki

Siku ya kwanza: Avebury

Mjomba wangu alikuwa mpima ardhi mkoani Tanga kwa miaka 34. Alipokuja kunitembelea Reading, Uingereza, mwezi Mei, kwa wiki mbili hakuomba kupelekwa popote. Alikaa dirishani na kikombe chake cha chai, akitazama watu wakipita na mbwa wao. Nilipomuuliza angependa kuona nini kabla ya kurudi nyumbani, nikidhani atataja London, akasema, "Nitafutie njia ya zamani, mwanangu. Ile waliyopita watu kabla ya magari. Tuipite kwa miguu, polepole."

Basi nikaomba likizo ya siku tano, nikanunua ramani mbili za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, za kipimo cha 1:25,000, nikapika chapati ishirini, na Jumatatu alfajiri tukapanda treni hadi Swindon. Kutoka pale basi la vijijini likatushusha Avebury kabla ya saa nne asubuhi.

Njia niliyoichagua inaitwa Ridgeway. Inafuata mgongo wa vilima vya chaki kusini mwa Uingereza, kilomita 139 kutoka Overton Hill, jirani na Avebury, hadi Ivinghoe Beacon. Ilitangazwa kuwa njia ya kitaifa ya waendao kwa miguu mwaka 1973, lakini nyayo zilizopo pale ni za maelfu ya miaka. Mabondeni palikuwa na matope na msitu. Juu mgongoni ni pakavu na jicho linaona mbali. Sisi tulipanga kutembea kipande cha magharibi tu, kilomita 40 hivi, mpaka kwenye Farasi Mweupe wa Uffington, mchoro mkubwa wa chaki ubavuni mwa kilima.

Avebury ni kijiji kilichoingia ndani ya duara la mawe. Watu wa zama za mawe, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, walichimba handaki kubwa la mviringo kwa kutumia pembe za kulungu, wakalundika chaki iliyotoka humo ikawa tuta upande wa nje, kisha wakasimamisha mawe yapatayo mia moja kulizunguka lile eneo kwa ndani. Upana wa duara unazidi mita 300. Hakuna duara la mawe duniani linalolizidi hili kwa ukubwa. Handaki lilipokuwa jipya lilikuwa na kina cha mita tisa hivi. Leo limejaa udongo nusu yake, na bado ukisimama chini yake unaona anga tu na kichwa cha kondoo.

Mjomba hakuyatazama mawe kwanza. Alishuka handakini, akapanda tuta, akaanza kutembea juu yake akihesabu hatua kwa sauti ya chini, mikono nyuma, kama nilivyomwona akifanya nilipokuwa mtoto. Mimi nikaenda kwenye mawe. Hapa unaruhusiwa kuyagusa, hakuna kamba. Ni mawe ya mchanga yaliyoshikamana sana, huitwa sarseni, magumu kuliko yanavyoonekana. Nililishika moja refu kuliko mimi mara mbili. Sehemu ya juu ilikuwa na madoa ya njano na kijivu, mimea midogo inayoota juu ya jiwe kama ukurutu. Sehemu ya chini, usawa wa paja langu, ilikuwa laini na yenye mng'ao wa mafuta, na nyuzi za sufu zimenasa kwenye nyufa. Kondoo wanajikuna hapo.

Mawe mengi hayapo. Katika karne ya 14 wanakijiji walianza kuyaangusha na kuyafukia. Mwaka 1938, chini ya jiwe mojawapo, ilipatikana mifupa ya mwanamume mwenye mkasi na sarafu za miaka ya 1320. Inasadikiwa alikuwa kinyozi na mganga wa kuzunguka. Wapo wanaosema jiwe lilimwangukia akisaidia kulifukia, na wapo wanaosema alizikwa hapo akiwa tayari maiti. Baadaye, katika karne ya 17 na ya 18, watu waliyawashia mawe moto, yakipata joto sana wakayamwagia maji ya baridi na kuyapiga nyundo mpaka yakapasuka, ili wapate ya kujengea. Nyumba kadhaa za Avebury zimejengwa kwa vipande vyake. Mtu aliyeyarudisha yaliyobaki ni Alexander Keiller, ambaye ukoo wake ulitajirika kwa jemu ya machungwa. Miaka ya 1930 alifukua mawe yaliyofukiwa na kuyasimamisha tena katika mashimo yake yenyewe. Pale alipokuta shimo bila jiwe, akasimamisha kinguzo kifupi cha zege.

Mjomba alipofika kwenye kinguzo cha kwanza akainama, akakipapasa. Kisha akatazama mbele, akaona cha pili, na cha tatu.

"Hizi ni bikoni," akasema. "Jiwe limeondoka, lakini mahali pake pamehifadhiwa."

Akaninyooshea kidole mstari wote, bikoni kwa bikoni, mpaka ulipopotelea nyuma ya ua wa nyumba ya mtu. Tulikula chapati zetu tumeliegemea tuta. Jua lilikuwa bado juu saa kumi na mbili jioni, na lingezama saa tatu na dakika kadhaa usiku, jambo ambalo Mjomba hakulizoea hata baada ya wiki mbili. Alitoa dira yake, akaielekeza kusini-mashariki, akatandika koti lake nyasini kwa swala ya alasiri.

Siku ya pili: West Kennet, Silbury na njia ya shayiri

Mguu wa asubuhi ulikuwa kuelekea kaburi la West Kennet. Unavuka mto mdogo, unapanda mteremko, halafu unaliona: tuta refu la mita 100 juu ya kilima, limelala kama mtumbwi uliofunikwa. Lilijengwa karibu mwaka 3650 KK, yaani lilikuwa tayari kaburi la wahenga wakati mawe ya Avebury yanasimamishwa. Upande wa mashariki kuna mlango wa mawe makubwa, na nyuma yake ujia wenye vyumba vitano. Humo ilipatikana mifupa ya watu wasiopungua 36, wakubwa kwa watoto, ikiwa imechanganyika. Walipotosheka kuzika, walijaza vyumba udongo na chaki, wakaziba mlango kwa mawe makubwa.

Tuliingia tumeinama. Ndani kuna ubaridi wa mtungi, na harufu ya udongo uliolowa. Macho yalipozoea giza nikaona kwamba baina ya mawe makubwa wajenzi walipachika vijiwe vyembamba, kimoja juu ya kingine, kwa utulivu wa fundi asiye na haraka. Katika ufa mmoja mtu alikuwa ameacha kishada cha maua ya porini yaliyonyauka, sarafu mbili na kipande cha utepe mwekundu. Mjomba aliviona.

"Kumbe na huku wanatambika," akasema kwa kunong'ona. Kwetu pwani mzimu wa pangoni huwekewa sarafu, marashi na vitambaa vyekundu na vyeupe, na nilijua anafikiria hayo hayo. Hakugusa kitu. Alikaa kimya chumba cha mwisho kwa muda, kisha akatangulia kutoka.

Silbury tuliitazama kwa mbali, kwa sababu kuipanda hakuruhusiwi. Ni kilima kilichojengwa na watu kwa mikono, karibu mwaka 2400 KK, kirefu zaidi ya mita 30, na Ulaya nzima hakuna kilima cha kale kilichojengwa na binadamu kinachokifikia. Wachimbaji wametoboa mashimo na mahandaki ndani yake tangu mwaka 1776, wakitafuta kaburi la mfalme. Hawakupata kaburi. Mwaka 2000 shimo lao la zamani likaporomoka kileleni, na ilichukua miaka kulijaza na kukiimarisha kilima upya. Naona ni haki kilima hicho kipumzike.

Tulirudi kwa njia ya mashambani, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo siku nzima ya pili naikumbukia.

Tulikuwa tumefika shamba la shayiri. Shayiri ilikuwa inafika magotini, mbichi, inainama na upepo kama maji. Katikati yake palikuwa na ujia ulionyooka, upana wa mita moja, udongo mweupe umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Kwenye nguzo pembeni palikuwa na mshale wa njano, alama ya njia ya waendao kwa miguu. Mjomba akasimama.

"Shamba hili lina mwenyewe?"

"Lina mwenyewe, Mjomba."

"Na njia hii amewaachia watu kwa hisani yake?"

Nikamweleza ninavyojua. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri zichore ramani rasmi ya njia zote za umma, hata zile zinazokatiza mashamba na nyua za watu. Njia ikishaingia kwenye ramani hiyo haifi kwa sababu shamba limeuzwa. Kanuni ya mahakama zao ni kwamba iliyokuwa njia itabaki njia daima. Mkulima akiilima wakati wa kupanda, ana siku 14 za kuirudisha, na isipungue mita moja. Watu wakipita mahali waziwazi miaka 20 mfululizo bila kukatazwa, wanaweza kudai paandikishwe. Nikamwambia pia kwamba halikuja kwa wema mtupu. Karne kadhaa mashamba ya pamoja yalizungushiwa ua na wenye nguvu, na tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya wafanyakazi wa viwandani walipopanda mlima Kinder Scout bila kibali kudai haki ya kutembea, vijana watano kati yao walifungwa jela. Mpaka leo sehemu kubwa ya nchi hii huruhusiwi kuikanyaga nje ya ujia. Lakini ujia wenyewe upo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Unakumbuka kisima cha kule kwetu Muheza?"

Nilikikumbuka. Nilikuwa na miaka saba tulipokoma kukiendea kwa njia ya mkato. Ilikuwa inaanzia kwenye mwembe, inashuka bondeni. Siku moja tulikuta ukuta.

"Viwanja vile nilivipima mimi," akasema Mjomba. "Njia niliiona. Niliipita kwa miguu yangu nikibeba mnyororo wa kupimia. Kwenye mchoro sikuichora. Hakuna aliyeniagiza niichore, na nafasi yake ikaingia ndani ya kiwanja namba 14. Mwenye kiwanja wa kwanza aliwaacha watu wapite. Wa pili alijenga. Mama yako akawa anazunguka kwa barabara kubwa na ndoo kichwani, na kila akipita kwangu alinisalimu kwa furaha, hajui."

Sikuwa nalijua hilo. Nadhani mama alifariki bila kulijua. Nilishindwa kupata la kumjibu mjomba wangu aliyenilea kama baba, nikamshika mkono, tukatembea ule ujia wa shayiri mmoja nyuma ya mwingine mpaka mwisho wake, kwa kuwa hautoshi watu wawili sambamba.

Siku ya tatu: Fyfield Down hadi Ogbourne St George

Kilomita 15 hivi, siku ndefu kuliko zote kwa magoti ya Mjomba. Tuliondoka saa mbili asubuhi kwa barabara ya kale ya udongo inayopanda mashariki mwa Avebury, inayoitwa Herepath, yaani njia ya jeshi kwa lugha ya Wasaksoni. Miti ya miiba pembeni ilikuwa imefunikwa maua meupe kiasi kwamba majani hayaonekani. Juu yake, angani kabisa, kipozamataza alikuwa anaimba. Ni ndege mdogo wa rangi ya udongo. Hupanda wima akiimba bila kupumua, unamtafuta mpaka shingo inauma, halafu ananyamaza na kudondoka majanini kama jiwe. Tangu hapo hatukukosa sauti yake hata saa moja.

Fyfield Down ni hifadhi ya mazingira, na ndiko mawe ya sarseni yanakolala yalipozaliwa. Yametapakaa bondeni kwa mamia, ya kijivu, mgongo wa mviringo, na ukiwa mbali unaapa ni kundi la kondoo limepumzika. Wenyeji wa zamani waliyaita kwa jina hilo hilo la kondoo wa kijivu. Kwa muda mrefu ilifikiriwa kwamba mawe makubwa ya Stonehenge, lile duara maarufu la mawe lililo kusini zaidi, yalitoka mahali hapa. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha kemia ya jiwe moja la Stonehenge na ya maeneo mbalimbali, wakakuta linafanana zaidi na mawe ya West Woods, msitu ulio kusini kidogo ya hapa, kilomita 25 hivi kutoka Stonehenge. Kuyafikisha kule yenye uzito wa tani 20 na zaidi, bila gurudumu, ni kazi ninayoishangaa kila nikiifikiria.

Pembeni kidogo mwa njia kuna jiwe ambalo mtu asiyelijua atalipita. Ni fupi, limelala. Nilimwita Mjomba, nikamwambia apitishe kiganja juu yake. Kwenye uso wake kuna mifereji kadhaa sambamba, kila mmoja mrefu wa kutosha kulaza mkono, na kando yao bonde dogo lililolainika kama kioo. Hapo ndipo watu wa zama za mawe walipokuwa wananoa mashoka yao, wakisugua jiwe kwa jiwe kwa maji na mchanga, wengine wakiondoka, wengine wakija, mpaka jiwe gumu namna hii likachimbika. Maji ya mvua ya usiku yalikuwa yametuama ndani ya mifereji. Mjomba alichovya vidole, akavipitisha ndani ya mfereji mmoja kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mwendo wa mtu anayenoa panga.

"Inakwenda yenyewe," akasema. "Mkono wako unaongozwa."

Nikajaribu na mimi. Ni kweli. Mfereji unakupa pembe ya kushika shoka hata kama hujawahi kulishika.

Ng'ambo ya pale, Overton Down, kuna kitu kilichomfurahisha mpima ardhi kuliko vyote. Mwaka 1960 wanaakiolojia walijenga tuta na handaki jipya kwa makusudi, wakafukia ndani yake vitambaa, ngozi, mbao na mifupa kwa vipimo kamili, ili waone namna udongo unavyoporomoka na vitu vinavyooza. Walipanga kulikata na kulichunguza baada ya miaka 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128. Kata ya mwisho ni ya mwaka 2088.

"Aliyepanga alijua hatakuwepo," akasema Mjomba.

"Alijua."

"Na akaandika vipimo vyake vizuri ili mwingine aendelee." Akatikisa kichwa kwa heshima.

Mchana tulipita Barbury Castle, ngome ya kilimani ya zama za chuma yenye matuta mawili na mahandaki mawili, na upepo ambao karibu ututupe chini. Tulikaa handakini kujikinga, tukala mayai ya kuchemsha. Juu yetu mwewe wekundu watatu walikuwa wanaelea, mikia yao imechanuka kama mkia wa samaki, wakiigeuza huku na huku. Mwewe hawa walikuwa wametoweka kabisa England. Walirudishwa katika vilima vya Chiltern kuanzia mwaka 1989 na wakazaana. Kutoka Barbury njia inafuata mgongo mwembamba wenye mabonde pande zote mbili, halafu inateremka hadi Ogbourne St George, tulikopanga kulala. Mama mwenye nyumba alimpa Mjomba beseni la maji ya moto yenye chumvi bila kuombwa. Nilimshukuru mara nyingi.

Siku ya nne: mvua

Ilinyesha tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Chaki ikilowa huteleza kama sabuni, na mawe ya gumegume yaliyo ndani yake, meusi kama kioo yakivunjika, yana makali. Tulitembea pembeni kwenye nyasi, hatukuongea sana. Tulipita chini ya ngome ya Liddington bila kuiona kwa ukungu. Alasiri tukavuka daraja juu ya barabara kuu ya M4, malori yakinguruma chini yetu kuelekea Bristol na London, na Mjomba akasimama kuyatazama kwa dakika moja hivi. Njia yetu ilipita juu ya ile barabara na kuendelea upande wa pili kana kwamba haikuwepo.

Tulipoteremka kulala Bishopstone mawingu yalifunguka. Juu ya kijiji kile mteremko wa kilima umekatwa ngazi ngazi, matuta mapana ya nyasi, moja juu ya jingine. Ni mashamba ya wakulima wa zama za kati waliokosa ardhi tambarare wakalima kilimani. Sasa kondoo wanalala juu yake. Jua la jioni lilipoyapiga kwa ubavu kila tuta likatoa kivuli chake, na sote wawili tukasema neno moja kwa wakati mmoja: "Lushoto."

Siku ya tano: karakana ya mhunzi, nguzo na farasi

Tulirudi juu mgongoni mapema, anga limesafishwa na mvua. Baada ya saa mbili za mwendo tulifika Wayland's Smithy. Hili nalo ni kaburi refu la zama za mawe, la zaidi ya miaka 5,000, limezungukwa na miti mirefu yenye magome laini ya kijivu. Mwanga unaingia kwa vipande. Kwanza hapa palikuwa na chumba cha mbao walimozikwa watu 14, kisha juu yake kikajengwa kilima kikubwa chenye vyumba vya mawe na mawe marefu mlangoni. Wasaksoni walipohamia nchi hii, maelfu ya miaka baadaye, hawakujua ni kazi ya nani, wakasema ni karakana ya Wayland, mhunzi wa miungu yao. Hadithi ya wenyeji ni kwamba msafiri ambaye farasi wake amepoteza kiatu humwacha hapa usiku na sarafu juu ya jiwe, na asiangalie nyuma. Asubuhi sarafu haipo na farasi amevalishwa kiatu kipya.

Nilimwambia Mjomba kwamba jina hili limo katika hati ya ardhi ya mwaka 955. Mfalme alipomgawia mtu shamba zama zile, karani aliandika mipaka yake kwa maneno, kama mtu anayetembea: kutoka alama hii hadi ile, kwenye handaki, kwenye jiwe, kwenye karakana ya Wayland. Mjomba alikaa juu ya jiwe.

"Walipima kwa kutembea na kutaja," akasema. "Mzee wa kijiji ametangulia, karani nyuma. Sisi tulianza na teodolaiti, darubini ya kupimia pembe, tukamwacha mzee wa kijiji nyumbani kwake."

Kutoka pale ni mwendo wa nusu saa hadi White Horse Hill, mita 261, kilele cha Oxfordshire. Juu kuna ngome nyingine ya zama za chuma, nayo ni tuta moja la mviringo lililoota nyasi fupi na maua madogo ya njano. Karibu nayo imesimama nguzo ya zege ya pande nne, nyembamba juu na pana chini, inafika kifuani. Watu wengi huweka juu yake mkoba wakapiga picha. Mjomba aliiona kwa mbali akaongeza mwendo, magoti kayasahau.

Juu ya nguzo kuna sahani ya chuma yenye mifereji mitatu inayokutana katikati. Aliingiza kidole katika kila mfereji. Ni pa kukalia miguu mitatu ya teodolaiti. Nguzo hizi, zaidi ya 6,000 nchi nzima, zilianza kujengwa mwaka 1936 wakati Ordnance Survey ilipoipima Uingereza upya kwa pembetatu, chini ya Martin Hotine.

"Hotine," Mjomba akarudia, akageuka kunitazama. "Hotine alikuwa kwetu kwanza."

Ndipo akanieleza jambo ambalo mimi sikulijua. Kabla ya kazi hii, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Hotine alikuwa magharibi mwa Tanganyika, akipima mlolongo wa pembetatu kufuata longitudo ya 30, kipande cha kazi iliyounganisha Afrika ya Kusini na Misri. Vipimo vya mlolongo huo ndivyo vilivyozaa Arc 1960, msingi wa ramani ambao mjomba wangu na wenzake waliufanyia kazi maisha yao yote. Kila kiwanja alichopima Tanga, akasema, ukifuatilia hesabu zake nyuma, hatua kwa hatua, unaishia kwenye mwamba fulani ambapo mtu alisimama na teodolaiti kusubiri mawingu yaondoke. Aliweka viganja vyote viwili juu ya ile sahani akatazama bonde, mashamba ya kijani na manjano mpaka upeo wa macho.

Farasi mwenyewe yuko chini kidogo, na lazima niseme ukweli: ukisimama karibu humwoni. Unaona kijia kipana cheupe kikipinda nyasini, kingine kikipinda upande wa pili. Ana urefu wa mita 110, na umbo lake zima hushikika kwa mbali, bondeni, au kutoka angani. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha alichorwa kati ya mwaka 1380 na 550 KK. Waliomchora walichimba mitaro kwenye mteremko, wakaijaza chaki iliyopondwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifunikwa ili ndege za Wajerumani zisimtumie kujua njia, na baada ya vita akafunuliwa.

Tulichutama kwenye ukingo bila kumkanyaga. Chaki imeshindiliwa imara, nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa juzi, na ukitazama kwa karibu unaona alama za nyundo, vishimo vidogo vidogo vilivyopandana. Kila mwaka watu wa kujitolea hupiga magoti hapa na nyundo, wanaponda chaki mpya juu ya ile ya zamani na kukata nyasi zinazoingia pembeni. Wakiacha, nyasi zitamfunika. Kuna watu wamefanya hivyo, kizazi baada ya kizazi, kwa karibu miaka 3,000, wakati lugha zimebadilika na dini zimebadilika na hakuna anayejua tena farasi huyu alichorwa kwa ajili gani.

"Hawakuacha hata kidogo," Mjomba akasema. Akavunja jani moja la nyasi lililokuwa limeinamia kwenye chaki, akalitupa kando.

Jioni tuliteremka bondeni, gari la kukodi likatupeleka Swindon, tukapata treni ya saa mbili usiku. Nje bado kulikuwa na jua. Nilidhani Mjomba amelala. Nilipogeuka nikakuta ameikunja ramani upande wa nyuma, mweupe, ameiweka juu ya goti, na kalamu ya risasi mkononi. Alikuwa amechora barabara kubwa ya Muheza, mwembe, bonde, viwanja na namba zake kwa mwandiko wake wa michoro, ulionyooka kama wa mashine. Kisima alikizungushia duara.

"Wewe na mama yako mlikuwa mnahesabu hatua kwenda kisimani," akasema bila kuinua macho. "Nilikuwa nawasikia mkipita. Kutoka kwenye mwembe zilikuwa ngapi?"

Sikuhitaji kufikiri. "Mia nne na kumi na mbili."

"Kwa miguu ya mtoto wa miaka sita, saba." Akaandika namba pembeni, akaizidisha, akakata kidogo kwa ajili ya mteremko. Kisha akaweka ncha ya kalamu kwenye mwembe, akaanza kuvuta mstari wa nukta, moja moja, kuingia ndani ya kiwanja namba 14.